Ujiji: Kuichora Magharibi kwa Rangi za Maji

Sisi wakazi wa mwambao wa Bara, kuanzia Tanga hadi Mtwara, tumezoea kuliona jua likichomoza baharini. Likizama, huzama nyuma yetu: nyuma ya minazi, nyuma ya mapaa ya mabati, nyuma ya magari yaliyokwama kwenye foleni. Anayetaka kulishuhudia likiingia majini hana budi kuvuka hadi Unguja na kusimama Forodhani, ambako mji unatazama magharibi. Au aipe bahari mgongo na kuifuata Reli ya Kati mpaka pale inapokwisha. Mwezi wa Disemba, shule zilipofungwa, tulichagua njia hii ya pili.

Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914, na urefu wake kutoka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 1,250. Kutoka stesheni hadi Ujiji ni mwendo mfupi wa daladala. Ujiji ni mji mkongwe. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ikapitia Tabora ilikomea hapa, ikitafuta pembe za ndovu na, kwa msiba wa historia yetu, ikitafuta pia wanadamu wa kuuzwa utumwani. Misafara imekwisha. Kilichobaki ni miembe mikubwa, misikiti, kanzu na kofia mitaani, na Kiswahili kinachomfanya mgeni wa pwani ajihisi hakwenda mbali.

Safari yetu ilikuwa na nia mbili. Ya kwanza ni kuunga udugu, kwani shangazi yetu, ambaye watoto wetu humwita Bibi, anaishi Ujiji peke yake na umri umemwelemea. Ya pili ilikuwa ndani ya begi: kisanduku kidogo cha rangi za maji, karatasi na brashi tatu. Watoto walikuwa wameomba kufundishwa kuchora mandhari ya machweo, nasi tuliona ni heri wajifunze mbele ya machweo yenyewe kuliko mbele ya kioo cha simu.

Je, yafaa kuchora?

Msomaji wetu huenda ameshajiuliza swali hili, na ni haki yake. Makatazo ya kutengeneza picha za viumbe vyenye roho yanajulikana, na wanazuoni wameyaeleza kwa kirefu. Lakini imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba mtu mmoja aliyekuwa akipata riziki yake kwa kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas (Radhiya Allahu anhuma), naye akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi, basi atengeneze miti na vitu visivyo na roho. Na aliyewahi kuingia Msikiti Mkuu wa Damascus, uliojengwa na Khalifa al-Walid mwanzoni mwa karne ya nane, ameiona kutani michoro ya vigae vidogo vya rangi: mito, miti na majumba, bila ya mtu wala mnyama hata mmoja.

Mandhari ya machweo ni ya aina hiyo. Mbingu, mlima, maji na chombo kisicho na mtu. Hapo mzazi ana uwanja mpana wa kumfundisha mtoto wake bila ya kujitia katika shaka.

Jioni ya kwanza: kutazama tu

Tulitoka nyumbani baada ya Alasiri, tukaketi ufukweni. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake hufika mita 1,470. Duniani ni Ziwa Baikal la Urusi pekee linalolizidi kwa kina. Upana wake kwa wastani ni kilomita 50 hivi. Kwa hiyo, hewa ikiwa safi, hasa mvua ikishanyesha, milima ya Kongo huonekana ng'ambo kama ukuta wa samawati. Wakati wa kiangazi ukungu na moshi wa mashamba huweza kuificha kabisa.

Tuliwauliza watoto: Magharibi inaingia lini? Mkubwa aliomba simu aangalie. Mdogo akasema, “Ikiadhiniwa.” Majibu yote mawili yalikuwa ya kweli, na yote mawili yalituhuzunisha kidogo. Sala zetu zimefungamanishwa na jua na kivuli chake, na wekundu wa mbingu na kutoweka kwake. Wazee wetu walisoma wakati angani. Sisi tunausoma kwenye ratiba iliyochapwa, na watoto wetu wanausikia ukilia mfukoni.

Basi jioni ile hatukufungua rangi. Tulitazama. Saa ya Ujiji ni ile ile ya Dar es Salaam, lakini jua huzama zaidi ya nusu saa baadaye, kwa sababu Kigoma iko mbali magharibi na kila nyuzi moja ya longitudo ni tofauti ya dakika nne. Saa moja jioni ilipita jua lingali juu ya mlima. Lilipogusa kilele lilishuka wima, kama lishukavyo katika nchi zote za ikweta, na kutoka ukingo wake wa chini ulipogusa hadi wa juu ulipotoweka hazikupita dakika tatu. Hapo tukawaambia: hii ndiyo Magharibi. Sekunde chache baadaye muadhini akalithibitisha neno letu.

Anayelitazama jua pale ufukweni ameiweka kibla upande wa bega lake la kulia, nyuma kidogo. Tuliweka mikeka, tukageuka, tukasali. Tulipotoa salamu na kugeukia tena ziwani, mbingu ilikuwa imeingia sehemu yake ya pili, ambayo wengi hawaisubiri: shafaki.

Shafaki ni ule wekundu unaobaki baada ya jua kuzama. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kutoweka kwa wekundu huo ndiko kunakofunga wakati wa Magharibi na kufungua wakati wa Isha. Watoto walikuwa wamelihifadhi neno hilo madrasa. Hawakuwa wamewahi kuliona. Tuliwapa kazi ya kutaja rangi kuanzia mlimani kwenda juu, nao wakazitaja: manjano, machungwa, waridi, zambarau, kisha buluu inayokaribia usiku. Mpangilio huo tuliuandika kwenye daftari. Ndiyo ramani ya picha.

Jioni ya pili: mbingu

Anayeanza asinunue vitu vingi. Ubadhirifu haumfanyi mtu kuwa mchoraji. Rangi tatu zinatosha: manjano, nyekundu inayoelekea waridi, na buluu. Brashi moja pana, moja ya kati na moja nyembamba. Karatasi iwe nene. Ile ya gramu 300 kwa mita ya mraba ndiyo iliyo bora, kwa kuwa haijikunji ikilowa. Ikikosekana, manila nzito yafaa kwa mazoezi. Ibandikwe pande zote nne kwa utepe wa gundi juu ya kibao, na kibao kiinuliwe kidogo upande wa juu ili maji yateremke taratibu.

Vikombe vya maji viwe viwili. Kimoja ni cha kuoshea brashi, kingine ni cha kuchotea maji safi ya kuchanganyia. Mtoto aliyesoma mlango wa tohara hupata hoja hii upesi: maji yaliyochanganyika na kitu hata yakabadilika jina na rangi hayatwaharishi tena, na hapa vivyo hivyo, maji yaliyokwisha kuwa tope hayazai rangi safi. Tuongeze faida nyingine kwa wazazi: rangi za maji huoshwa zikatoka. Hazigandi kama rangi za mafuta, ambazo zikiachwa juu ya ngozi huzuia maji ya udhu yasiifikie.

Kazi yenyewe huanza na maji matupu. Lowesha karatasi yote kwa brashi pana mpaka ing'ae, lakini isitiririke. Kisha anza na rangi iliyo nyepesi kuliko zote. Pitisha manjano kwa ulalo pale mlima utakapokuwa, ukiacha duara dogo la karatasi nyeupe bila ya kuligusa. Duara hilo ndilo jua. Katika rangi za maji hakuna weupe wa kupaka. Weupe ni karatasi yenyewe, na ukishaufunika ni shida kuurudisha. Kwa hiyo mchoraji huamua kabla ya kuanza ni wapi mwanga utakaa.

Juu ya manjano weka waridi. Zitakapokutana zitazaa machungwa zenyewe. Juu ya waridi weka buluu, nazo zitazaa zambarau. Hapa ndipo wanaoanza wengi hukwama: huirukia buluu na kuishusha hadi kwenye manjano, ikazaa kijani, au hadi kwenye machungwa, ikazaa kijivu cha tope. Waridi ndiyo msuluhishi. Ikikaa katikati, zile mbili hazigombani. Na usiogope rangi iliyokolea, kwani ikikauka hufifia.

Tulikuwa hapo, karatasi tatu zikiwa zimelowa na mbingu tatu zikiwa bado zinaogelea, adhana ilipoanza. Mtoto wa kati alisema kwa unyonge, “Baba, itaharibika.” Ilikuwa hoja ya kweli: rangi iliyolowa haisubiri. Lakini sala nayo ina wakati wake. Tukaweka brashi chini.

Tuliporudi kwenye vibao, karatasi hazikuwa kama tulivyoziacha. Manjano ilikuwa imepanda yenyewe kwenye waridi, waridi imepanda kwenye zambarau, na mipaka ambayo mikono ya watoto ilihangaika kuilainisha ilikuwa imeyeyuka. Mchoraji mzoefu huijua siri hiyo. Mbingu ya rangi za maji hukamilishwa na maji, na anayeanza huiharibu kwa kuigusagusa. Rakaa tatu za faradhi, mbili za sunna na adhkari zake ni muda ambao karatasi inauhitaji kupumzika. Kilichoonekana kama kukatizwa kilikuwa sehemu ya kazi.

Macho ya Bibi

Usiku ule Bibi alikuwa ameketi barazani. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, yote mawili. Anauona mwanga, lakini rangi hazitambui tena. Aliposikia tunapita alimwita mdogo wetu.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nitazamie kule ziwani. Wekundu umekwisha?”

Mtoto akatupa jicho magharibi, akajibu kuwa bado, umebaki utepe mwembamba. Tulimwambia Bibi kuwa asijitaabishe, msikiti uko karibu na adhana ya Isha ataisikia. Akatabasamu. “Najua nitaisikia. Lakini tangu utoto wangu nilikuwa nikiijua kabla haijaadhiniwa. Hilo ndilo ninalolikosa.”

Tangu jioni hiyo watoto walikuwa na kazi ambayo hatukuwapangia. Kila baada ya Magharibi mmoja wao aliketi karibu na Bibi, akamweleza: sasa ni machungwa, sasa ni waridi, sasa imebaki zambarau, sasa imekwisha. Bibi naye hakuridhika na majina ya jumla. “Waridi ya namna gani? Ya kanga mpya au ya kanga iliyofuliwa?” Mtoto alilazimika kutazama tena. Hatukumjua mwalimu wa kuchora ambaye angewafundisha zaidi ya hapo, kwani kuchora ni kutazama kwanza, na mkono hufuata.

Jioni ya tatu: mlima na maji

Mbingu ikishakauka kabisa, na ukigusa kwa mgongo wa kidole usihisi ubaridi, ndipo mlima huwekwa. Changanya buluu na tone la nyekundu, ongeza maji mengi upate zambarau hafifu, kisha chora milima ya Kongo kwa mpigo mmoja wa brashi ya kati. Isubiri ikauke. Halafu, kwa rangi ile ile iliyopunguzwa maji, weka vilima vya karibu, vile vya kuelekea Kigoma upande wa kulia. Kanuni ni nyepesi: cha mbali hufifia, cha karibu hukolea. Kwa matabaka mawili tu jicho litaamini kuwa kati yao mna kilomita nyingi za maji.

Ziwa halina rangi yake saa ile. Huazima ya mbingu na kuipindua. Manjano huwa karibu na mlima, zambarau hushuka kuelekea miguuni kwa mtazamaji. Ifanye iwe nzito kidogo kuliko ya juu. Chini ya jua acha njia ya mwanga: brashi iwe karibu kavu, iburuzwe kwa ulalo, nayo itaacha vipande vidogo vya weupe vinavyometa.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu aliisogelea karatasi ya mtoto wetu mkubwa. Tukamwamkia, akaitika, kisha akaiangalia kwa muda. “Ufukwe huu mmeuweka vizuri,” alisema. “Utunzeni, maana wenyewe hautulii.” Alikuwa na haki. Jiwe la kumbukumbu ya kukutana kwa Livingstone na Stanley mwaka 1871, ambako husimuliwa kuwa kulikuwa chini ya mwembe jirani na maji, leo liko mbali na ufukwe. Baada ya miaka ile Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulizibua njia yake, na ziwa likateremka. Kisha katika miaka ya 2020 na 2021 likapanda tena, likafurika makazi ya watu katika nchi zinazolizunguka. Tulidhani tunachora kitu kinachobadilika kila dakika, yaani mbingu, juu ya kitu kilichotulia, yaani nchi. Kumbe vyote viwili vinapita.

Jioni ya nne: vyombo

Maboti ya dagaa hutoka giza likiingia, kwa kuwa dagaa huvutwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za betri. Siku za mbalamwezi, mwezi ukishatimia, taa hazina nguvu mbele ya mwanga wa mwezi, na wavuvi hupumzika. Wafungaji wa zile siku tatu nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, watafahamu kwa nini ziwa huwa na giza katika usiku wao. Na mwaka 2024, Serikali iliposimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, ziwa lilikosa taa zake hizo.

Chombo huchorwa mwisho. Changanya rangi zote tatu kwa maji machache upate kiza cha moto, si weusi wa wino, na kwa brashi nyembamba weka mstari mfupi uliopinda. Basi. Usitie mtu, usitie makasia. Kivuli chake kiwe chini yake, kimekatikakatika. Kuhusu taa, karatasi ikishakauka kwangua nukta moja kwa ncha ya wembe mpaka weupe utokee. Na kazi hiyo aifanye mzazi. Bandua utepe wa gundi polepole, ukingo mweupe utabaki pande zote, nayo picha itaonekana imekamilika hata kama ina kasoro zake.

Watoto walimpa Bibi picha moja. Aliishika, akaipapasa, akauliza wapi ni mlima na wapi ni maji, wakamwongoza kidole. Kisha akauliza swali lake lile: katika picha hii, wekundu umekwisha? Wakamwambia haujakwisha. “Basi bado nina wakati,” akasema, akaiweka juu ya meza yake.

Tunamwombea Mwenyezi Mungu amwafu, na tumekwisha kuanza mipango ya kumpeleka hospitali, kwa kuwa mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji. Aliye na mzazi au bibi wa hali hiyo kijijini asiridhike kusema ni uzee.

Ndugu msomaji, si lazima uende Ujiji. Machweo yako Kariakoo, Tandika na Chanika. Yanahitaji dirisha linalotazama magharibi, glasi mbili za maji na nusu saa isiyo na simu. Mweke mwanao hapo jioni moja. Mwambie ataje rangi kabla ya kuzipaka, na adhana ikiingia mwambie aweke brashi chini bila ya hofu. Akirudi, amwambie aliye jirani naye kama wekundu umekwisha au bado. Picha yenyewe inaweza isipendeze. Lakini mtoto atakuwa ameanza kuujua wakati wa Mola wake kwa macho yake mwenyewe, na hilo halififii likikauka.

Wabillahi Tawfiiq.